Mwili Unasema, Farasi Anasikia

Macho ya farasi ni miongoni mwa makubwa kuliko ya wanyama wote wanaoishi nchi kavu, nayo yamekaa pembeni mwa kichwa, si mbele kama ya simba au ya binadamu. Kwa mkao huo farasi huona karibu duara zima linalomzunguka, takriban nyuzi 350 kati ya 360, hata akiwa ameinama anakula majani. Sehemu asizoziona ni mbili tu: pale mbele kabisa ya paji la uso, na nyuma ya mkia. Kitu kikitikisika pembezoni mwa upeo huo, misuli yake hukaza kabla hajainua kichwa kutazama ni nini.

Mnyama huyu hana pembe wala makucha. Kinga yake kubwa ni mbio, na mbio humsaidia tu akiwahi kuondoka. Ndiyo maana farasi wanaoishi kundini hawategemei sana sauti. Wanalia, wanakoroma, wanaitana wakitenganishwa, lakini sehemu kubwa ya mazungumzo yao hupita kimya: mmoja ameinua shingo na wote wameacha kula, jike mkubwa ameelekeza sikio nyuma na kijana aliyekuwa anamsogelea amebadili njia. Anayetaka kuelewana na farasi hana budi kuanzia hapo, kwenye viungo, kwa kuwa farasi naye anamsoma mtu kwa njia hiyohiyo, awe amekusudia kusema jambo au hakukusudia.

Masikio ndiyo yanayoonekana kwanza. Kila sikio huendeshwa na misuli 10 na huweza kugeuka nusu duara bila kulihusisha la pili. Sikio likielekea mahali, mawazo ya farasi yapo hapo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi picha za farasi wenzao waliokuwa wakitazama moja ya ndoo mbili za chakula. Farasi walielekea kuchagua ndoo iliyotazamwa. Picha zilipofunikwa masikio, au zilipofunikwa macho, uchaguzi wao ukawa wa kubahatisha. Kumbe wenyewe kwa wenyewe huulizana kwa kutazamana masikio, jambo ambalo binadamu, mwenye masikio yasiyogeuka, hawezi kulifikiria kwa urahisi.

Hapa wanaoanza hukosea mara nyingi. Masikio yaliyogeukia nyuma kwa ulegevu, huku farasi akitembea na mtu mgongoni, si hasira. Anamsikiliza aliyempanda. Masikio ya hasira hulala kabisa, yakabanwa shingoni hadi yakakaribia kupotea, na mara nyingi shingo hunyooka mbele na mianzi ya pua ikakunjamana. Huyo anatoa onyo, na akipuuzwa atauma au atarusha teke. Masikio yaliyoanguka pembeni kila moja upande wake huonekana kwa farasi anayesinzia, lakini pia kwa farasi mgonjwa, na hapo ndipo mtu hulazimika kutazama viungo vingine.

Mianzi ya pua hupanuka ikawa mviringo farasi anaposhtuka au anapotoka mbio. Farasi hapumui kwa mdomo, hivyo kila pumzi hupitia puani na kila mabadiliko ya pumzi huonekana pale. Mdomo wa chini ukining'inia, ametulia. Kidevu kikikaza kikawa kama jiwe, ana wasiwasi. Ngozi iliyo juu ya jicho ikivutwa juu na kufanya mikunjo, huenda ana hofu au maumivu. Mkia uliobanwa katikati ya mapaja ni wa mwoga, ulioinuliwa ni wa mwenye msisimko, unaochapa huku na huku unaweza kuwa unafukuza nzi, au unalalamikia mkono mzito wa mpandaji. Mguu wa nyuma uliokunjwa huku ncha ya kwato ikigusa chini ni wa kupumzika, maana farasi husinzia akiwa amesimama. Mguu huohuo ukiinuliwa huku masikio yamelala, atakayesimama nyuma yake atajuta. Watoto wa farasi nao wana ishara yao wenyewe: wakimkaribia mkubwa hunyoosha shingo na kufungua na kufunga mdomo harakaharaka, kama wanaotafuna hewa, pengine kumjulisha kwamba hawakuja kwa shari.

Mwaka 2015 watafiti wa Sussex walichapisha mfumo wa kuorodhesha mienendo ya uso wa farasi, misuli kwa misuli, na wakahesabu mienendo 17 tofauti. Idadi hiyo ilizidi iliyokuwa imeorodheshwa kwa mbwa na kwa sokwe mtu. Wengi walikuwa wakiudhani uso wa farasi kuwa mgumu usiosema kitu. Kazi hiyo iliwaonyesha kwamba uso unasema mengi, ila anayesoma ndiye asiyejua herufi.

Hakuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi uwezo wa farasi kumsoma mtu kuliko cha Hans, farasi dume wa mjini Berlin, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Mmiliki wake, mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, alikuwa amemfundisha kwa miaka kadhaa kana kwamba anafundisha mtoto wa shule: ubao, namba, na vipande vya karoti kwa jibu sahihi. Hans alijibu kwa kugonga chini kwa kwato. Akiulizwa tatu na nne ni ngapi, aligonga mara saba akanyamaza. Alijumlisha, alitoa, alitaja tarehe. Von Osten hakutoza watu fedha na aliamini kwa moyo wote kwamba farasi wake anafikiri. Mwaka 1904 iliundwa tume ya wataalamu chini ya mwanasaikolojia Carl Stumpf, nayo haikuona hila yoyote.

Mwanafunzi wa Stumpf, Oskar Pfungst, hakuishia hapo. Alimfanyia Hans majaribio kwa utaratibu na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1907. Aliyeuliza swali asipojua jibu, Hans naye hakulijua. Farasi alipozuiwa kumwona muulizaji, alikosea. Basi Pfungst akaacha kumtazama farasi, akawatazama watu. Muulizaji akishamaliza swali huinama kidogo sana ili aione kwato. Hapo Hans huanza kugonga. Mapigo ya kwato yakifika idadi sahihi, mkazo uliokuwa umejikusanya mwilini mwa muulizaji hulegea, kichwa kikainuka kwa kiasi ambacho watu waliosimama karibu hawakukiona. Hapo Hans huacha. Pfungst alijaribu kujizuia asitoe ishara hizo akashindwa kuzizima kabisa, ingawa sasa alikuwa anazijua. Von Osten hakukubali maelezo hayo, na alifariki mwaka 1909 akiwa bado na uchungu nayo.

Katika vyuo vya saikolojia kisa cha Hans hufundishwa kama onyo kwa watafiti, na ni onyo la kweli. Lakini kumkumbuka Hans kama farasi aliyeumbuliwa ni kumdhulumu. Hakujua hesabu, ni kweli. Alichojua ni kuona fundo la mkazo likilegea shingoni mwa mtu asiyemfahamu, katikati ya umati, na kuligeuza kuwa jibu. Uwezo huo kila farasi anao kwa kiasi chake, nao ndio anaoutumia kila asubuhi mtu anapoingia zizini.

Tafiti za karibuni zimeongeza ushahidi. Mwaka 2016 farasi walionyeshwa picha kubwa za uso wa mwanamume, mara amekasirika, mara anatabasamu. Mbele ya uso wa hasira mapigo ya moyo yao yalipanda upesi zaidi, na walielekea kuutazama kwa jicho la kushoto, ambalo kwa kiasi kikubwa hupeleka habari upande wa kulia wa ubongo, upande unaohusishwa na kushughulikia vitisho. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba farasi aliyeona picha ya mtu mwenye hasira asubuhi, akikutana naye ana kwa ana saa kadhaa baadaye akiwa na uso wa kawaida, humpokea kwa tahadhari zaidi kuliko mtu ambaye picha yake ilikuwa na furaha.

Jaribio la Sweden la mwaka 2009 lina maana kubwa zaidi kwa wanaoshughulika na farasi kila siku. Watu walitakiwa kumwongoza au kumpanda farasi kwenye njia fupi, wakirudia safari mara kadhaa. Kabla ya safari ya mwisho waliambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla farasi anapopita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yalipanda pia. Farasi hawakujua lolote kuhusu mwavuli. Walichokipata ni hofu ya mtu tu.

Kwa sababu hiyo maandalizi ya kumwendea farasi huanza kabla ya kufika kwake. Mtu aliyetoka kugombana, au mwenye haraka, ni afadhali asimame nje ya uzio hadi pumzi yake irudi tumboni. Xenophon, Mgiriki wa karne ya nne kabla ya Kristo aliyeandika kitabu kizima kuhusu upandaji, alisisitiza kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira. Alikuwa askari wa wapanda farasi, na alijua hasara inayotokana nayo.

Saisi mzoefu, yule mtunzaji anayewalisha na kuwapiga mswaki kila siku, huingia malishoni mikono ikiwa imelegea, bila kuificha kamba nyuma ya mgongo. Hamwendei farasi moja kwa moja kwa mbele, wala haji kwa nyuma. Anapita kwa mzunguko mdogo, akielekea begani, mahali ambapo jicho moja linamwona vizuri, na anasema neno moja au mawili kwa sauti ya chini ili mnyama ajue alipo. Hatua zake ni za mtu anayetembea, si za anayenyatia. Kunyata ni mwendo wa mwindaji. Farasi akiinua kichwa na kukaza shingo, saisi husimama. Akigeuza kichwa pembeni au kuhamisha uzito mbali naye, saisi hurudi hatua moja. Kurudi huko humwambia farasi kwamba ishara yake imesomwa, na mara nyingi ndiko kunakomfanya anyooshe pua. Hapo hupewa mgongo wa mkono aunuse, ukiwa chini, bila kumfuata usoni.

Mguso wa kwanza haufai uwe kwenye paji la uso, ingawa ndipo watu wengi hupeleka mkono, maana hapo farasi hauoni. Mahali pazuri ni pale shingo inapoishia na mgongo kuanza, juu ya mabega. Farasi waliozoeana husimama wakielekeana, kila mmoja akimkuna mwenzake sehemu hiyo kwa meno. Mwaka 1993 uchunguzi uliofanywa kwa farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa, ulionyesha kwamba wakikunwa hapo na mkono wa mtu mapigo ya moyo yao hushuka, na wakikunwa sehemu nyingine ambayo wenyewe huikuna kwa nadra hayashuki. Mkono ukipata penyewe, mdomo wa juu wa farasi hurefuka na kutetemeka, na baadhi yao hujaribu kumkuna mtu naye, jambo la kuliangalia kwa upole kwa kuwa meno ni makubwa. Kumpigapiga farasi shingoni kwa kiganja, kama wafanyavyo wengi baada ya mashindano, humfurahisha anayepiga. Hakufanani na chochote wanachofanyiana farasi kwa upendo.

Kuzoeana peke yake hakumfundishi farasi kazi. Mafunzo karibu yote, tangu ya kuongozwa kwa kamba hadi ya kupandwa, husimama juu ya jambo moja: mtu huweka shinikizo dogo, na farasi akijibu, shinikizo huondoka. Farasi hujifunza wakati wa kuondoka kwake, si wakati wa kuwekwa. Tuseme saisi anataka farasi arudi nyuma. Anasimama mbele ya bega, ananyoosha kifua chake kuelekea kifua cha farasi, na anaielekeza kamba nyuma kwa uzito wa vidole viwili. Farasi huinua kichwa. Saisi hasogei, haongezi. Farasi anakaza, kisha anahamisha uzito kwenye miguu ya nyuma, kabla hata ya kuinua kwato. Ni hapo vidole vinapolegea, kifua kikageuka, mtu akapumua. Mara ya pili farasi huinua mguu. Baada ya siku chache kifua kikielekezwa kwake tu, kamba haihitajiki. Saisi akichelewa kulegeza, farasi atahesabu kwamba jibu lake halikuwa jibu, atajaribu jingine: kusukuma, kuinua miguu ya mbele, au kusimama kama ukuta. Wengi wa farasi wanaoitwa wakaidi walifundishwa na watu waliochelewa.

Mgongoni mambo ni yaleyale. Ngozi inayohisi nzi akitua na kumtikisa aondoke haiwezi kukosa kuhisi nyonga za mtu. Mpandaji akigeuza kichwa kutazama kulia, bega lake hufuata, uzito huhamia mfupa mmoja wa makalio, na farasi aliyefundishwa vizuri huanza kugeuka kabla ya hatamu kuguswa. Mpandaji anayebana magoti kwa hofu anamwambia farasi aende, huku mikono inayovuta lijamu ikimwambia asimame. Kwa farasi hali hiyo inatesa, na wakati mwingine humalizikia kwa mtu kuanguka.

Aliyeifanya mada hii ijulikane duniani katika miaka ya 1990 ni Mmarekani Monty Roberts, aliyezaliwa Salinas, California, mwaka 1935. Mwaka 1989 alimwonyesha Malkia Elizabeth II njia yake huko Windsor, na kitabu chake cha mwaka 1996 kilisomwa na mamilioni. Roberts alieleza kwamba alijifunza kwa kuwatazama farasi wa porini huko Nevada. Katika uwanja mdogo wa duara humkabili farasi kwa macho na mabega, akamfanya akimbie pembezoni. Baada ya muda sikio la ndani humwelekea mtu, kichwa hushuka, ulimi na mdomo huanza kutafuna. Hapo mtu hushusha macho, hugeuza bega na kumpa mgongo, na farasi humfuata. Watazamaji wengi wametokwa na machozi wakiona hilo.

Tendo lenyewe ni la kweli. Maelezo yake ndiyo yenye mashaka. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walitumia gari dogo la kuchezea linaloongozwa kwa rimoti badala ya mtu: likamkimbiza farasi, likaacha kila alipoligeukia, na farasi nao wakajifunza kulifuata gari. Gari halina mabega wala macho, na halina cheo katika kundi. Inaelekea farasi hufuata kwa sababu mahali penye amani katika uwanja ule ni karibu na kile kilichokuwa kikimkimbiza. Kutafuna na kulamba nako huonekana farasi anapotoka kwenye taharuki kuingia kwenye utulivu, hivyo ni ushahidi kwamba alikuwa ametaharuki. Haya hayafuti kazi ya Roberts, aliyewaondoa watu wengi kwenye njia za kumvunja farasi kwa kipigo na kamba. Yanamtaka tu mtu asidhani amepewa urafiki pale alipopewa utii. Wamarekani waliomtangulia, Tom Dorrance na Ray Hunt, waliweka mkazo mahali panapofaa zaidi: mtu aanze kwa kuhisi kilicho ndani ya farasi, na achukulie kosa la farasi kuwa swali ambalo halijaulizwa vizuri.

Lipo pia jambo la maumivu, nalo huvuruga mazungumzo yote. Farasi aliyezoea kupokea tandiko akianza kulaza masikio anapoliona, mara nyingi anasema mgongo unauma. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na timu ya Milano, Italia, walitoa kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni kwa sehemu sita, zikiwemo masikio yaliyokaza kuelekea nyuma, ngozi iliyovutwa juu ya jicho, misuli ya kutafunia iliyojitokeza na mdomo uliobanwa. Kumwadhibu farasi wa namna hiyo kwa ukaidi ni ukatili unaotokana na kutokujua kusoma.

Afrika Mashariki farasi ni wachache, na sababu yake kubwa ni magonjwa. Mbung'o hueneza nagana, na wadudu wadogo kuliko mbu hueneza homa ya farasi ya Afrika, ambayo huua farasi wengi wasiochanjwa ilhali punda milia huibeba bila kuugua. Walipo, wako zaidi nyanda za juu, kama pale Nairobi ambako uwanja wa mbio wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954 na ambako masaisi wamerithishana ujuzi huu kwa kutazama na kufanya, bila vitabu.

Kwa wasomaji wengi wa pwani na bara mnyama wa karibu ni punda, na si kila kitu cha farasi humfaa. Punda wametokana na wanyama wa nchi kame wa Afrika ambako chakula ni haba na makundi hayashikamani sana. Akishtuka, punda mara nyingi hasumbuki kukimbia. Husimama, akaganda, akakitazama kitu hadi akielewe. Mtu asiyejua humwita mbishi na kuokota fimbo. Masikio yake marefu hugeuka kama ya farasi, lakini uso wake husema kwa sauti ya chini zaidi na maumivu huyaficha kwa muda mrefu, kiasi kwamba dalili ya kwanza inaweza kuwa kuacha kula tu, au kusimama mbali na mwenzake aliyemzoea. Lamu, ambako punda hubeba mchanga, matofali na watu kwenye vichochoro visivyopita gari, shirika la Donkey Sanctuary limekuwa na zahanati ya punda tangu miaka ya 1980, na huko wanaowatibu huanza kwa kumtazama mnyama kwa mbali kabla ya kumshika. Mwenye punda anaweza kufanya hivyohivyo kila alfajiri: kabla ya kumtandika, asimame hatua chache pembeni, aone masikio yanaelekea wapi, uzito uko mguu gani, na kama punda amemgeukia au amemkwepa.